Bati la Pampu ya Petroli ya Kale: Kukata Kutu na Kuchomelea Kiraka Kitakachodumu

Pampu ya petroli ya kale huoza kuanzia chini. Nalisema hili mapema kwa sababu wanunuzi wengi hutazama kichwa: kioo, namba, alama ya kampuni ya mafuta. Huko juu bati limenyooka na rangi bado inang'aa, kumbe sehemu ya chini ya milango imebaki ganda la rangi tu. Kabla hujatoa pesa, piga magoti, shika bisibisi, sukuma ncha taratibu kwenye pindo la chini la mlango. Bati zima litakataa. Lililokufa litaimeza ncha.

Nazungumzia hasa pampu za Kimarekani za kuanzia miaka ya 1930 mwishoni hadi 1950, zile zenye namba za kujizungusha na milango mirefu. Mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana, ndio kitovu cha vyombo hivi. Huko Sylvanus Bowser aliuza pampu yake ya kwanza mwaka 1885, enzi za mafuta ya taa. Kampuni ya Wayne ilichipukia mjini humo, na Tokheim ikahamia huko mwaka 1918 ikitokea Cedar Rapids, Iowa. Modeli zinazotengenezwa upya sana, kama Wayne 70 na Tokheim 39, zina umbo linalokaribiana: kiunzi cha chuma ndani, mlango mbele na mlango nyuma, mabati mawili ya ubavuni, na kitako chini. Bati lake ni nene kuliko la gari la siku hizi, karibu milimita moja au kuzidi kidogo. Iwe pampu yako iko karakana ya nyumbani Ohio, au umeikuta nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa zamani huku Afrika Mashariki, kazi ya bati ni ileile, na fundi bodi mzuri wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, tayari ana mikono ya kuifanya.

Jambo moja ndilo litakaloamua kama kazi yako itadumu: pale ambapo chuma kimekwisha, rudisha chuma. Puti, yaani uji mzito wa kuzibia mabonde unaokauka ukawa mgumu, ni ya kulainisha uso. Haishiki pindo, haizuii maji, na mlango uliojengwa kwa puti hupasuka siku utakapoufunga kwa nguvu kidogo.

Kwanza toa mafuta yote

Hata kama pampu imekaa kavu miaka thelathini, chukulia kwamba ina petroli. Hubaki ndani ya mita ya kupimia mafuta, kwenye kitenganisha hewa, kwenye bomba la kuvutia na ndani ya mpira wa kujazia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo huteremka na kulala kwenye kitako, yaani palepale unapotaka kuchomelea. Ng'oa mtambo wote wa ndani, umwage nje mbali na moto wowote, kisha uuweke jengo jingine. Usikate wala kuchomelea bati likiwa bado limefungwa kwenye kiunzi chenye mabomba. Waya za umeme za zamani nazo zing'oe. Mpira wake hukauka na kukatika ukiugusa.

Kuna sumu pia. Petroli iliyopita kwenye pampu hizi ilitiwa risasi, yaani madini ya ledi. Marekani ilipiga marufuku kuiuza kwa magari ya barabarani mwaka 1996, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia 2006. Rangi za zamani nazo zilitiwa risasi. Vumbi lake halionekani na halitoki mwilini upesi, na watoto ndio huumia zaidi. Vaa barakoa yenye chujio la chembe ndogo, si kitambaa. Usifagie pakavu, futa kwa maji. Nguo za kazi zisiingie ndani ya nyumba.

Kufungua bila kuvunja

Piga picha kila upande kabla ya kulegeza skrubu hata moja. Kisha pima kila mlango na kila bati la ubavu kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukatisha, na uandike. Vipimo viwili vya kukatisha vikilingana, umbo ni mstatili mnyoofu. Vikitofautiana, andika tofauti hiyo, maana utakapokata chini ya mlango utapoteza alama zote za mwanzo na daftari ndilo litakalokurudisha.

Skrubu zilizoshikwa na kutu hazifunguki kwa nguvu. Mwagia mafuta ya kupenyeza, acha usiku kucha, gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikigoma, toboa kichwa chake kwa drili. Ni afadhali skrubu ife kuliko tundu lipasuke.

Bamba dogo lenye namba ya modeli na namba ya mtengenezaji litoe kwa uangalifu na usilipige msasa. Ndilo cheti cha kuzaliwa cha pampu. Vivyo hivyo uso wa namba, hasa ule wa enameli: ufunge kwenye blanketi na uuweke juu ya kabati.

Kuvua rangi, na kusoma kilicho chini yake

Huu ndio wakati ninaoupenda kuliko wote, na ndio watu huuharakisha. Pampu iliyofanya kazi miaka ishirini ilibadilishwa rangi kila kampuni ya mafuta ilipobadilisha nembo au kituo kilipopata mwenye mali mpya. Chukua kipande cha ubavu ambacho kilifunikwa na urembo wa chuma kisichoshika kutu, ukilainishe kwa msasa wa namba 400 na maji, kwa mzunguko, polepole. Tabaka zitajitokeza moja baada ya nyingine kama pete za shina la mti. Ile ya ndani kabisa, juu ya praima (rangi ya msingi) ya kiwandani, ndiyo rangi ambayo pampu ilitoka nayo. Ipige picha mchana, nje, pamoja na kadi za rangi. Ukikutana na kivuli cha nembo ya zamani, simama hapo na uchukue vipimo vyake vyote kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo vua rangi kwa dawa ya kuvulia ya kupaka. Msasa wa mashine huinua vumbi la risasi. Kupiga mchanga kwa kompresa mimi siupendekezi kwenye mabati mapana: upande mmoja hupigwa na kutanuka, bati likajikunja, na mlango uliokuwa bapa ukatokeza tumbo ambalo hutalirudisha kwa urahisi. Ukilazimika, upige pembeni na kwenye mikunjo tu, kwa presha ndogo. Mchanga wa mtoni usiutumie kabisa; vumbi lake huharibu mapafu moja kwa moja.

Kuondoa kutu kwa magadi na betri

Kwa bati lenye kutu ya juujuu na mashimo madogo yasiyopenya, hakuna njia ya upole kuliko umeme. Unahitaji chombo cha plastiki, maji, chaja ya betri ya volti 12, vipande vya chuma chakavu, na soda. Huku kwetu magadi ya sokoni yanafanya kazi hiyo, kwa kuwa yale ya Ziwa Magadi kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya sodiamu. Ukiwa Marekani, nunua soda ya kufulia. Kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita nne kinatosha. Mlango mrefu hauingii kwenye ndoo, kwa hiyo tengeneza kisanduku cha mbao na ukitandike plastiki nzito isiyotoboka.

Waya hasi wa chaja hushika bati lako. Waya chanya hushika chuma chakavu kilichozamishwa pembeni. Visigusane. Ukigeuza waya, bati lako ndilo litakaloliwa. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwani hutoa kromu yenye sumu kwenye maji. Wala usitie chumvi ya mezani, inayotoa gesi ya klorini. Mapovu yanayopanda kutoka kwenye bati ni hidrojeni, kwa hiyo fanya kazi nje, na uzime chaja kabla ya kugusa waya wowote ili cheche isitokee.

Baada ya siku nzima kutu nyekundu itakuwa imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi. Suuza, kausha mara moja kwa joto, kisha futa kwa asidi ya fosfori iliyochanganywa na maji kama lebo inavyoelekeza. Bati tupu lililoachwa usiku mmoja Mombasa au Zanzibar huamka na wekundu asubuhi, kwa sababu ya hewa ya bahari. Asidi hiyo hukununulia muda, lakini si mwingi.

Kuna dawa za kugeuza kutu zinazotumia tanini, kemikali ileile iliyomo kwenye magome ya mikoko ambayo watu wa pwani walitumia kutengenezea ngozi za wanyama. Tanini hushikana na kutu na kuifanya nyeusi na tulivu. Nazitumia ndani ya mikunjo nisikofikia kwa brashi. Kwenye uso unaoonekana, naona ni bora chuma kisafi.

Kupima kilichokufa

Sasa bati limevuliwa na linasema kweli. Liinue mbele ya taa usiku. Kila nukta ya mwanga ni tundu, na kuzunguka kila tundu kuna bati lililobaki jembamba kama karatasi ingawa halijatoboka. Gonga kwa ncha ya nyundo ya bodi: sauti ikibadilika kutoka mlio hadi mtetemo mkavu, hapo pamekwisha. Chora mstari wako sentimita tatu nje ya pale unapofikiri ubovu unaishia. Anayebana mstari ili aokoe bati hujikuta anachomelea juu ya chuma kinachoyeyuka kabla ya waya kushika.

Sababu ya pale chini kuoza ni pindo lenyewe. Kiwandani walikunja ukingo wa mlango ukarudi ndani ili uwe mgumu, na mkunjo huo ukawa mfereji. Vumbi na majani vilikaa humo, maji ya mvua yakateremka nyuma ya kioo yakavilowesha, na kwenye majimbo yenye theluji ikaongezeka chumvi ya barabarani. Kutu ikaanzia ndani, ikatoka nje miaka mingi baadaye. Kwa hiyo usikate uso wa nje peke yake ukaliacha pindo la zamani. Kata vyote viwili.

Kutengeneza kiraka

Tengeneza kielelezo cha karatasi ngumu kwanza. Kibandike juu ya eneo, chora mstari, kunja karatasi ifuate pindo, rekebisha mpaka ikae bila kulazimishwa. Karatasi ni rahisi kutupa, bati si rahisi.

Tumia bati jeusi la unene uleule wa mlango wako. Usitumie mabati ya kuezekea. Zinki yake ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku huo, na mchomeleo wenyewe hujaa matundu.

Kunja pindo kabla ya kukata kiraka kwa ukubwa wake wa mwisho. Bana bati kati ya vyuma viwili vya pembe kwenye jiriwa, mstari wa mkunjo ukiwa sawa na ukingo wa chuma, na uligonge kwa nyundo ya mbao kutoka mwanzo hadi mwisho, digrii chache kila mpito. Ukilikunja sehemu moja hadi mwisho ndipo uhamie nyingine, ukingo utakuwa na mawimbi. Pembe za Wayne 70 zimeviringika. Kwa hizo, viringisha bati juu ya bomba lenye unene mdogo kidogo kuliko mviringo unaoutaka, maana bati hurudi nyuma kidogo ukiliachia.

Pembe za ndani za shimo unalokata ziviringe, usiziache kali. Pembe kali hukusanya joto, na ndizo hupasuka. Kata kiraka kiwe kikubwa kidogo, kisha ukipunguze kwa tupa mpaka kikae ndani ya shimo huku nafasi ikibaki sawa na unene wa waya wako wa kuchomelea. Kiraka kinachopandana juu ya bati la zamani ni rahisi kuchomelea, lakini kati ya mabati mawili maji yataingia tena, na ndani ya miaka michache mstari wa kutu utajichora kwenye rangi mpya. Kiwe ukingo kwa ukingo.

Kuchomelea

Mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6, ndiyo chaguo langu, pamoja na mchanganyiko wa agoni na kabonidioksaidi. Kwa waya mtupu wenye gesi, tochi, yaani mkono wa kuchomelea, iwe upande wa chanya. Kwa waya wenye unga ndani usiotumia gesi, tochi iwe hasi. Ukikosea hapo utalaumu mashine bure. Fundi aliyezoea gesi ya oksijeni na asetilini anaweza kufanya kazi nzuri zaidi, kwa sababu mchomeleo wake ni laini na unakubali nyundo. Mashine ya fimbo, ile ya mageti na madirisha, hutoboa bati la unene huu upesi.

Jaribu kwanza kwenye mabaki ya bati lilelile, mpaka upande wa nyuma uonyeshe kwamba chuma kimeyeyuka na kupenya.

Shika kiraka kwa nukta moja ya mchomeleo katikati ya kila upande, kisha moja kila pembe. Simama. Weka rula ndefu juu uone kama uso uko bapa. Huu ndio wakati wa mwisho wa kurekebisha bila gharama. Baada ya hapo weka nukta katikati ya kila nukta mbili, ukiruka upande huu kwenda ule, usirudi mahali pamoja mpaka mkono wako uweze kulala hapo bila kuungua. Kipande cha shaba kikibanwa nyuma hunyonya joto na hakishikani na mchomeleo. Usimwagie maji ili kuharakisha.

Kila nukta inapopoa huvuta bati kuelekea kwake, na ndiyo sababu eneo la mchomeleo hulegea au kutumbukia. Kwa hiyo kila baada ya nukta chache, saga kichwa cha nukta, weka doli, yaani kipande kizito cha chuma cha kuegemeza, nyuma ya bati na ugonge juu yake kwa nyundo ya bodi. Chuma kilichobanwa kati ya nyundo na doli hutanuka, na kutanuka huko kunalipa kile ambacho joto lilivuta. Fundi anayegonga hivi anapoendelea hunyoosha kidogo. Anayesubiri amalize mstari mzima hukuta mlango umejipinda.

Mwisho nukta zitaungana. Zisage kwa diski ya msasa ya namba 60 au 80, juu ya mchomeleo tu. Bati likigeuka bluu, umelipasha mno.

Mahali palipobaki na tumbo linaloruka ndani na nje ukilibonyeza, bati limetanuka kupita kiasi. Pasha nukta ndogo kama ukucha, katikati ya tumbo, mpaka iwe nyekundu hafifu, igonge kidogo, kisha uipoze kwa kitambaa chenye maji. Itajikunyata. Rudia mahali pengine, si palepale.

Funga kabla ya kupaka

Rudisha milango kwenye kiunzi sasa, bado ikiwa chuma tupu. Funga kitasa, weka kioo, pima nafasi ya pembeni kutoka juu hadi chini, linganisha na daftari lako la vipimo vya kukatisha. Bawaba zikihitaji kusogezwa, au ukingo kugongwa milimita mbili, fanya leo.

Praima, puti, rangi

Osha bati kwa tina au dawa ya kuondoa grisi, vaa glavu safi, paka praima ya epoksi ndani na nje. Puti huenda juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa. Isizidi milimita tatu popote; ikidai zaidi, rudi kwenye nyundo. Changanya kigumu chake kwa kipimo kilichoandikwa, karibu asilimia mbili. Kikizidi, rangi yake huweza kupenya hadi juu ya rangi mpya. Isugue kwa ubao mrefu wenye msasa wa namba 80, kisha 180, pakavu, maana puti hunywa maji. Nyunyiza vumbi la rangi nyeusi kabla ya kila msasa, nalo litabaki kwenye mabonde na kukuonyesha pasipofikiwa.

Rangi ya tabaka moja yenye mng'ao wake ndiyo inayofanana na ya kiwandani. Rangi zenye kigumu cha aisosianeti zinahitaji kipumulio cha hewa safi kutoka nje; chujio la kawaida halitoshi, na anayeziruhusu ziingie kifuani anaweza kupata pumu isiyoondoka.

Kabla ya kufunga kwa mara ya mwisho, ziba viungo vya ndani kwa gundi ya bodi, kisha toboa matundu mawili ya milimita tano kwenye pindo jipya la chini, moja kila upande, uyapake praima kingo zake na kupuliza nta ndani ya mkunjo mpaka ianze kutoka kwenye matundu. Chini ya kila skrubu ya urembo weka washa nyembamba (pete ya skrubu) ya nailoni, ili chuma kisichoshika kutu kisigusane na bati pakiwa na unyevu. Kila mwaka kabla ya mvua, au kabla ya theluji, pitisha waya kwenye matundu yale mawili uhakikishe yako wazi.